Nafasi Mbili Zisizo za Lazima

Rashidiya, Dubai
17 Januari 2016

Madam Badriya,

Natumaini ulifika Unguja salama na ukamkuta mama yako ana nafuu. Mimi ni Teresiah, kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu hapa chuoni. Nadhani unanijua kwa risiti kuliko kwa sura. Mimi ndiye niliyekuwa nikileta risiti za maji na bandeji zikiwa zimelowa, mpaka siku moja ukanipa bahasha ya plastiki ya kuzihifadhia.

Samahani kukusumbua ukiwa likizo ya kumuuguza mzazi. Katika ofisi yenu ya hesabu hakuna mwingine wa kumuuliza. Anayekaimu nafasi yako ananielekeza kwa mkuu wa fedha, Bwana Sultan, na Bwana Sultan hajibu.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu kocha mkuu aondoke Novemba, mimi ndiye ninayekaimu. Tuko watatu: mimi, Jeremy ambaye ni msaidizi wangu, na Milly, mtaalamu wa viungo. Alhamisi tuliitwa tukaonyeshwa ripoti ya kurasa nne isiyo na jina la mwandishi. Inasema chuo lazima kipunguze matumizi, na kwamba msichana mmoja wa kikapu anakigharimu chuo mara mbili ya mvulana mmoja wa kikapu. Halafu inasema kwamba katika nafasi tatu za timu yetu, "nafasi mbili si za lazima." Bodi itakaa tarehe 6 Machi kuamua.

Jeremy alisoma mstari huo mara mbili, kisha akaenda kukusanya mipira.

Wacha nikuambie hao wasio wa lazima ni akina nani. Jeremy ni mtu wa Kakamega. Tulikuja Dubai mwaka mmoja, wote walinzi wa mall, tukisimama saa kumi na mbili kwa siku. Yeye ndiye anayewafundisha wasichana wapya kurusha mpira, kwa sababu mimi sina subira. Milly ni Mganda. Mwaka jana nahodha wetu, Reem, aliumia goti siku mbili kabla ya nusu fainali. Kila mtu alisema ni mshtuko tu, hata mimi. Milly akamkataza asicheze. Reem alilia, baba yake akapiga simu kwa mkuu wa chuo, Milly akabaki palepale. Hospitali wakakuta kano imechanika nusu. Leo Reem anakimbia.

Kazi ikifutwa, viza inafutwa. Wana siku thelathini za kuondoka nchini au kupata mwajiri mwingine.

Nataka kuijibu hiyo ripoti mbele ya bodi, lakini hesabu sizijui. Unaweza kunifundisha namna ya kuisoma? Na kama unamjua aliyeiandika, niambie. Sitamfanyia ubaya. Ningemkaribisha tu ukumbini kwetu siku moja, akae, aangalie.

Wako mtiifu,
Teresiah Wanjiku

*

Kikwajuni, Unguja
21 Januari 2016

Mwanangu Teresiah,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Kwanza, usiniite madam. Huku kwetu kila mtu ananiita Bi Badriya, nawe niite hivyo.

Mama hajambo kidogo. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia. Maneno yanamtoka lakini hayaji kwa mpango, na akikosa neno hukasirika akanitazama mimi kama niliyemwibia. Namlisha uji kwa kijiko. Miaka thelathini nimekaa na vitabu vya hesabu, sasa najifunza kumgeuza mtu kitandani.

Aliyeandika ripoti hana faida kwako kumjua. Shughulika na ripoti yenyewe. Usiende mbele ya bodi na machozi wala na habari ya goti la Reem peke yake. Watakusikiliza vizuri, watakuonea huruma, kisha watapiga kura vilevile. Nenda na kitu ambacho hawana.

Fanya hivi. Mwandikie Bwana Sultan barua ya mistari mitatu, umwombe orodha ya malipo yote yaliyoingizwa kwenye fungu la timu yako mwaka uliopita, moja moja, si jumla. Wewe ni kaimu kocha mkuu, ni haki yako kwa kanuni za chuo, kifungu cha tisa. Ukitaja kifungu atajibu.

Ukiipata, nitumie nakala kwa barua pepe kama hii.

Akupendaye,
Bi Badriya

*

Rashidiya, Dubai
3 Februari 2016

Bi Badriya,

Umesema kweli kuhusu kifungu cha tisa. Alijibu siku hiyohiyo. Orodha ni hii hapa, kurasa sita. Nimeipitia mimi na Milly tukiwa tumekaa sakafuni ukumbini. Kusema ukweli hatukuelewa hata nusu yake.

Jumapili tulicheza na timu ya Sharjah tukashinda kwa pointi nne. Wasichana hawajui lolote, nimewaficha. Jeremy ameanza kutuma maombi ya kazi. Anadhani sijui, lakini anatumia kompyuta ya ofisi yetu na anasahau kuifunga. Ana watoto wawili kwao na mkewe Daisy ndio kwanza ameanza kozi ya uuguzi ambayo yeye anailipia.

Mimi hasira zangu haziishi. Nikitembea kwenye korido za utawala, namtazama kila mtu nikijiuliza kama ndiye. Mtu anakaa kwenye kiyoyozi, anaandika "si za lazima," anakwenda kula chakula cha mchana. Nakuambia wewe kwa sababu katika ofisi ile nzima wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini.

Msalimie mama. Mwambie kuna Mkikuyu huku Dubai anamwombea.

Teresiah

*

Kikwajuni
9 Februari 2016

Teresiah,

Nimechelewa. Mama alipata homa tukalala hospitali siku tatu.

Nina swali moja, nijibu kwa uangalifu. Katika ukurasa wa nne kuna malipo ya kampuni ya mabasi, dirhamu elfu nane kila mwezi, miezi kumi na miwili. Wasichana wako wamepanda basi hilo mara ngapi?

B.

*

Rashidiya
12 Februari 2016

Bi Badriya,

Hawajalipanda hata siku moja.

Sisi tunakwenda kwa gari dogo la chuo, lile jeupe lenye viti kumi na vinne, na dereva ni Jeremy. Ana leseni ya huku, aliisomea kwa pesa zake. Basi kubwa la kukodi ni la wavulana. Husimama mbele ya lango kila Jumanne, nimeliona kwa macho yangu.

Nimepiga hesabu kwenye simu. Ni dirhamu elfu tisini na sita kwa mwaka. Milly anasema huo ni mshahara wake wote. Ukiondoa pesa hizo kwetu ukazipeleka kwa wavulana, msichana hagharimu mara mbili ya mvulana. Tunakaribia kulingana.

Bi Badriya, huu si wizi? Mtu amechukua gharama ya wavulana akatubebesha sisi, halafu akatumia uzito huohuo kutufukuza. Nisaidie kusema. Nimfuate nani?

Teresiah

*

Kikwajuni
23 Februari 2016

Mwanangu,

Siku kumi na moja nimeanza barua hii na kuiacha.

Ripoti niliiandika mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Jumapili moja ya Desemba Bwana Sultan aliniita akasema nimtafutie dirhamu laki tatu za kupunguza, kabla ya Alhamisi. Palikuwa na mahali patatu pa kukata: misaada ya ada ya wanafunzi kumi na mmoja, basi linalowaleta wafanya usafi, na timu yenu. Jumatatu nikapigiwa simu kwamba mama ameanguka. Jumanne nikatafuta tiketi. Jumatano nikakaa nikaandika ripoti ile kwa kikao kimoja, na nikachagua timu. Nilijiambia mchezo ni mchezo. Sikuwahi kuingia ukumbini kwenu, miaka yote. Sikuandika Jeremy wala Milly. Niliandika nafasi ya pili na nafasi ya tatu.

Basi lile la wavulana ni kosa langu. Hati za kampuni ziliandikwa "mpira wa kikapu" tu, bila kusema timu gani. Nilipaswa kuuliza. Nilikuwa na haraka, nikaziweka zote upande wenu. Hakuna aliyeiba. Ni mimi sikuangalia.

Ripoti zetu hutiwa saini. Ile sikuitia. Nilijiambia nimesahau kwa ajili ya safari, lakini sikusahau.

Leo asubuhi nimemwandikia Bwana Sultan, nimemweleza kosa na namba sahihi, nikaomba barua yangu isomwe mbele ya bodi. Nakala hii hapa, uwe nayo mkononi iwapo haitasomwa.

Ulipoandika kwamba mimi ndiye unayemwamini, nilitoka nje nikakaa barazani. Ningekwambia siku ile. Niliogopa utaacha kuniandikia, na mchana huku ni mrefu.

Badriya

*

Rashidiya
24 Februari 2016

Bi Badriya,

Nimeipata. Nimesoma. Siwezi kuandika zaidi kwa sasa.

T. Wanjiku

*

Kikwajuni
3 Machi 2016

Teresiah,

Najua hutaki kunisikia. Naandika kukutahadharisha tu kabla ya kikao.

Mkaguzi wa hesabu wa chuo amenitumia maswali kumi na saba. Kuna mtu amepeleka malalamiko ya maandishi kwamba aliyetengeneza ripoti ile amehamisha fedha za basi kwa makusudi, kwa faida yake. Malalamiko ni ya tarehe 22, siku moja kabla ya barua yangu kwa Bwana Sultan, kwa hiyo sasa inaonekana nilikiri baada ya kusikia nimeshtakiwa. Mshahara wangu umesimamishwa mpaka uchunguzi uishe.

Jina la mlalamikaji hawakunipa, na sikuliuliza. Nakwambia ili mtu akikuuliza usije ukaingizwa katika jambo hili. Wewe useme habari ya basi tu na namba zako. Namba ni za kweli, zitasimama zenyewe.

Mama leo amesema "chai" akamaanisha chai.

Badriya

*

Rashidiya
14 Machi 2016

Bi Badriya,

Ni mimi.

Ulipokaa kimya siku kumi nilidhani umeogopa wakubwa. Nikaenda kwa mkaguzi tarehe 22 na karatasi nilizokuwa nazo. Nikaandika "wizi." Nikaandika "kwa faida yake." Sikuwa na ushahidi wa hilo, nilikuwa na hasira tu. Kesho yake barua yako ikaingia. Nilipaswa kurudi kwa mkaguzi palepale. Badala yake nilikuandikia mistari miwili nikanyamaza, kwa sababu sehemu yangu moja ilisema unastahili. Halafu ukanitahadharisha mimi, wewe, usijue ni nani.

Nimekwenda kwake leo asubuhi. Nimeandika upya, nikatia saini, kwamba neno wizi lilikuwa langu na halina msingi. Akasema atalipeleka jambo hilo kwa Bwana Sultan. Sijui watanifanya nini, na kwa sasa sijali sana.

Sasa nikueleze kikao. Barua yako haikusomwa. Nikaisoma mimi. Mwenyekiti, Bwana Talal, akauliza maswali ya basi, nikajibu. Wakatoka nje, wakarudi. Akasema: "Kocha, kwa namba hizi tunaweza kurudisha nafasi moja. Moja tu. Utuambie ipi."

Nikasema naomba siku mbili. Akasema, "Tunafunga hesabu leo. Tutakunywa chai, kisha utuambie."

Jeremy na Milly walikuwa wamekaa kwenye viti vya nje ya mlango. Nilikuwa nawaona kupitia kioo. Milly alikuwa amevua viatu. Jeremy alikuwa anamweleza kitu kwa mikono, nadhani habari ya mchezo.

Nikasema Milly. Nikasema kwa sababu kurusha mpira naweza kujilazimisha kufundisha, lakini magoti siwezi kuyasoma. Ni sababu nzuri. Nimeirudia kila siku tangu hapo na bado ni nzuri, na bado niliyemwacha ni Jeremy.

Nilipotoka nikamwambia mwenyewe. Akasema, "Ningechagua hivyohivyo, Kocha." Kisha akaniuliza nani ataendesha gari Jumapili.

Kwa hiyo najua sasa. Uliniambia ulikuwa na siku nne na mama ameanguka. Mimi nilikuwa na kikombe kimoja cha chai, na nilikuwa namjua mtu kwa jina, na sura, na watoto wake. Sina tena la kukuhukumu. Lakini ninalo la kukuomba, nalo ni msamaha.

Teresiah

*

Kikwajuni
22 Machi 2016

Mwanangu Teresiah,

Barua yako ilinikuta namkata mama kucha. Nikamaliza vidole vyote kwanza, kisha nikasoma.

Sitasema haikuniuma. Iliniuma. Baba yangu alikuwa mtunza hazina msikitini miaka ishirini, na mimi nimeishi Bur Dubai tangu nina miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kuliweka neno lile karibu na jina letu. Siku mbili sikufungua kompyuta.

Kisha Bwana Sultan akapiga simu, yeye mwenyewe. Akasema mkaguzi hajaona wizi, ameona uzembe. Nitalipwa mshahara wangu uliozuiwa, na mkataba wangu ukiisha Juni hautaendelea. Nikasema nimekubali. Kisha akasema: "Huyu kocha amekuchafulia jina kwa maandishi na amekiri kwa maandishi. Ukitaka, tunamwachisha kazi kesho. Tunahitaji neno lako tu."

Nikamwambia: "Sir, mimi mwenyewe ningezisoma namba zile kwa macho yake ningesema nimeibiwa. Sina malalamiko."

Akauliza nina hakika. Nikamwambia khalas, yamekwisha, na naomba jambo hili lisiandikwe kwenye faili lake.

Kwa hiyo msamaha usiniombe, nilikwisha kuutoa kabla sijakujibu. Niandikie habari nyingine. Jeremy amepata kazi? Siku zake thelathini zinahesabiwa.

Bi Badriya

*

Rashidiya
17 Aprili 2016

Bi Badriya,

Nimechelewa kukujibu. Kusema asante ni kidogo, kwa hiyo nitakupa habari ulizoomba.

Jeremy alipata kazi siku ya ishirini na sita. Ni hoteli ndogo kule Hatta, milimani, anawatembeza wageni kwenye njia za mawe na bwawani. Mshahara ni pungufu kwa robo, lakini viza ipo na Daisy hataacha kozi. Ananitumia picha za mbuzi. Anasema ni kimya sana kiasi kwamba siku za kwanza alidhani masikio yameziba.

Nilimweleza yote, ya kwako na ya kwangu. Nilifikiri ni haki yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

Timu ilifika nusu fainali tukafungwa kwa pointi kumi na moja. Hapakuwa na bahati mbaya wala mwamuzi mbaya, walituzidi. Wasichana walimuulizia Jeremy mapumziko yote. Reem alitaka kujua kwa nini aliondoka, nikamwambia mimi ndiye niliyeambiwa nichague. Kwenye gari akaja kukaa kiti cha mbele, karibu yangu, mpaka tukafika. Gari naliendesha mimi siku hizi. Nilifeli mtihani wa leseni mara mbili kabla ya kuipata, usimwambie mtu.

Mama anaendeleaje?

Teresiah

*

Bur Dubai
11 Mei 2016

Mwanangu Teresiah,

Utaona juu hapo kwamba nimerudi. Nimerudi na mama. Dada zangu walisema nimwache kwao, lakini yeye mwenyewe alisema "twende," na siku hizi neno likimtoka sawasawa hatubishani naye. Amekaa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu anatazama watu wanavyochagua vitambaa kwenye maduka ya kule chini, na akimwona mwanamke amechagua rangi mbaya anatikisa kichwa.

Nimebakiwa na wiki sita za kazi. Bwana Sultan amenipa bajeti ya mwaka ujao niimalize. Nimemwambia fungu la mpira wa kikapu sitaligusa mpaka nimekuja ukumbini wiki nzima. Nitakaa kwenye ngazi na daftari. Niambie nije saa ngapi, na nivae viatu gani.

Kabla ya hapo, njooni nyumbani Ijumaa ya tarehe 20, baada ya sala, wewe na Milly. Nitapika. Nataka pia Jeremy aje, kama atashuka kutoka Hatta. Namwogopa yeye kuliko mkaguzi. Wewe nilikuandikia, nawe ukaniandikia, tukaumizana tukamalizana. Yeye hakumwandikia mtu yeyote jambo lolote, na ndiye aliyeondoka. Sijui nitamwambia nini. Nadhani nitamwambia jina langu, kisha nitamsikiliza.

Muulize kwa upole. Akikataa, usimshurutishe.

Akupendaye,
Bi Badriya

*

Rashidiya
15 Mei 2016

Bi Badriya,

Karibu tena Dubai. Mazoezi ni saa kumi jioni. Vaa raba, sakafu yetu inateleza.

Mimi na Milly tutakuja Ijumaa. Milly ataleta matoke, usimzuie, nimeshajaribu.

Nilimpigia Jeremy jana. Nilimsomea barua yako yote, hata pale uliposema unamwogopa. Kisha akasema Ijumaa hii hapana. Akasema hana chuki na wewe, lakini akija sasa atakaa mezani akitabasamu kwa adabu, na hataki kukufanyia hivyo wala kujifanyia. Hakusema hatakuja kabisa.

Sikumshurutisha. Tukaongea mambo mengine, ya Daisy, ya mitihani. Nilipokuwa nataka kuaga, akaniuliza huyo mama yako anakaa ghorofa ya ngapi. Nikamwambia sijui, nadhani ya tatu. Akauliza kama jengo lenu lina lifti. Nikasema sijui. Akasema majengo ya zamani ya Bur Dubai mengine hayana, na kiti cha magurudumu hakiteremki ngazi bila mtu wa kushika nyuma na mwingine mbele, na kwamba mzee hawezi kukaa dirishani mwaka mzima. Akasema ana siku ya mapumziko mwisho wa mwezi.

Nimuulizie, akasema. Kwa hiyo nakuulizia: jengo lenu lina lifti?

Teresiah